Daftari la Ghala, Liwale

Funguo ni nne. Mimi, Somoe Likanga, ninazo tatu.
Ya nne anayo bosi, na bosi yuko Lindi.

Bunduki ililetwa Jumanne, imeviringishwa kwenye gunia la ufuta,
na Chinguile aliyeileta hakunitazama usoni.
"Inavuta kushoto," akasema. "Tuandikie barua tupewe nyingine."
Hatua mia, nyati kasimama ubavu wazi,
risasi ikamgusa paja.
Alitembea na jeraha lile siku mbili
hadi mashamba ya Mpigamiti,
akamkuta Mnunduma ameinama anang'oa muhogo.
Mnunduma sasa anatembelea magongo.
Na watu wa kule, utani wao hauna pole:
jina la kijiji chetu mmelichukua ninyi,
wapiga miti.

Sikuandika barua.
Nilitoa komeo, nikaelekeza mtutu dirishani,
nikachungulia kwa nyuma
kama mtu anayechungulia kisima kilicholazwa.
Mifereji iliyopaswa kuzunguka kama uzi wa parafujo
imejaa: shaba, masizi juu ya shaba,
shaba tena juu ya masizi, miaka tisa.
Na mdomoni, pale risasi inapoagana na chuma,
mkwaruzo, upana wa unywele.
Kazi ya wenye haraka,
wanaoingiza fimbo ya chuma kwa mbele
na kuisukuma kama wanatwanga.

Nikaikata kanga yangu vipande vya vidole viwili.
Ilikuwa na neno lake: USINIPIME KWA JICHO LA JIRANI.
Kipande cha kwanza kilitoka cheusi kama tako la sufuria ya harusi.
Cha kumi kijani, kutu ya senti za zamani.
Nikatia dawa, nikangoja, nikasukuma,
nyuma kwenda mbele, njia ileile ya risasi,
wala sikurudisha kitambaa kilikotoka.
Siku ya tatu kikatokeza kipande
chenye herufi nne zinazosomeka: PIME.

Basi nikapima.

Mdomo wa mtutu aliusawazisha fundi Nandonde wa Nachingwea,
akizungusha kiganja polepole, kama anayesaga kungumanga,
akakataa soda hadi amalize.
Risasi nilizijaza mwenyewe. Kibali kilikuja na mihuri miwili.
Mizani niliiazima kwa sonara,
aliyeniuliza ni dhahabu ya nani.
Feni nikaizima, dirisha nikalifunga,
joto la Novemba ndani, mabibo yanaoza nje,
na pumzi yangu nikaigeuzia ukutani
maana nayo ina uzito.
Ganda, fataki, baruti, kichwa.
Ganda, fataki, baruti, kichwa.
Ishirini. Moja ilikataa kulingana na wenzake;
nikaifungua, nikaanza upya.
Kwenda mahali pamoja ni kwa zinazofanana.

Kwenye kichuguu nyuma ya uwanja wa ndege
tulibandika karatasi ya hesabu ya mwanangu,
ile aliyopata sifuri.
Tundu tatu, kizibo cha soda kinazifunika.
"Bahati," akasema Chinguile.
Rudia, nikamwambia.
Akarudia.
Safari hii alikuna shingo tu.

Futa mafuta kabla hujatoka, nikamwambia mlangoni.
Mtutu wenye mafuta, risasi yake ya kwanza ni ya uongo,
na ya pili Mnunduma ndiye aliyeingoja.

Alirudi Ijumaa, alfajiri, viatu vina tope la Mbwemkuru.
Akaweka mezani risasi nne na ganda moja.
Sikuuliza mnyama, sikuuliza umbali.
Zilizotoka: tano. Zilizorudi: nne. Maganda: moja.
Safu ya maelezo ina mistari mitatu,
na kurasa za nyuma wenzake wameijaza hadi pembeni,
jua lilikuwa machoni, upepo uligeuka, mnyama alishtuka.
Niliandika: hakuna.

Kisha nikachukua kipande kingine cha kanga.
Chuma kilishapoa,
lakini masizi hayajui Ijumaa.